Nani Alimpulizia Hamisi Maneno?

Wanangu wa kikundi, nimeviona vile vidude mnavyotia masikioni. Mwigizaji akisahau, mwenzake anaongea kwenye simu nyuma ya pazia, na neno linamwingia sikioni kama mbu. Sawa. Mimi siwaonei wivu, ila magoti yangu yanawaonea. Kazi hiyohiyo nimeifanya kwa kinywa kitupu, nimejikunja ndani ya sanduku la mbao kule Lubumbashi, kisha juu ya kreti ya soda hapa Jeppestown, huku kusini tulikohamia, ndani ya karakana ile ya zamani ambayo leo mnaiita ukumbi. Wafaransa wanaiita kazi hiyo sufleri, yaani mpulizaji. Baba mkwe wangu alipoambiwa kijana wake anaoa mpulizaji, akadhani anaoa mganga. Alituma mtu kuuliza kama napulizia na ng'ombe.

Mnaponiita Mama Nyota na kuniomba niwafundishe, nawaambia kwanza yale niliyoambiwa na Baba Ilunga, mzee aliyenikabidhi sanduku. Meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha, na nadhani hiyo ndiyo siri ya ufundi wake. Herufi inayoruka mbali kuliko zote ni s. Nong'ona "sasa" nyuma ya pazia, na mtu wa kiti cha mwisho atadhani nyoka ameingia. Kwa hiyo mpulizaji anaimeza. Anasema "a'a," kwa pumzi inayotoka, koo limelala, na mwigizaji aliyezoea anaelewa. Baba Ilunga hakuwa na haja ya kuimeza, maana ilipita penye pengo ikapotea yenyewe. Mimi mwenye meno yangu yote nilijifunza kwa shida mpaka nikawa nameza s hata nyumbani. Watoto wangu walidhani naumwa.

La pili ni hili, na hamtalikuta katika vitabu vya Wazungu. Kwa Kifaransa unampa mtu neno la kwanza, linalobaki anajimalizia. Kiswahili kinakataa. Ukimpulizia mtu "nime, nime," umempa nini? Nusu ya maneno ya duniani yanaanza na nime. Mpe shina la neno. Mpe "penda," yeye mwenyewe atajua nani kapenda na lini. Siku moja niliumwa, na Mwalimu Kasongo, mkurugenzi wetu, akakalia kreti yangu kwa majivuno. Kijana amepiga goti mbele ya baba wa msichana, posa imemtoka kichwani. Mwalimu akapuliza: "Nime... nime..." Kijana akakodoa macho, akasema kwa sauti ya mnada: "Nimeshiba!" Yule baba wa msichana hakupepesa. "Kama umeshiba, uende," akasema. Harusi ikafia hapo, na watu wakapiga makofi kuliko siku zote.

La tatu ni kwamba mpulizaji haitikiwi. Ukisikia neno, lichukue, uwape watu walio mbele yako. Usigeuke, usiseme ndiyo, usiseme asante. Hili nilikuwa nalifundisha kama adabu ya kazi tu. Sasa silifundishi hivyo, na sababu ni mchezo wa Mrusi.

Mrusi mwenyewe alikuwa mwandishi wa vitabu na michezo, mtu wa kejeli. Aliwacheka wakubwa wa nchi yake kwa namna ambayo hata wao walicheka kwanza, halafu wakakasirika walipofika nyumbani. Michezo yake ikapigwa marufuku, huu leo, ule kesho. Akaomba aruhusiwe kuondoka nchini, akanyimwa. Wakampa kibarua ndani ya ukumbi wa maigizo, awasaidie wengine kusema maneno ya watu wengine, wakati ya kwake yamefungwa kabatini. Mwisho macho yakazimika. Akawa amelala, anasema, mkewe anaandika. Mwalimu Kasongo alituhadithia hayo Jumapili moja baada ya ibada, tumekaa juu ya mabenchi ya karakana, na hakuna aliyeuliza Urusi iko wapi. Kila mtu pale alikuwa amepanga foleni ya karatasi za ukaazi mahali fulani. Tulimjua yule mtu kama tunavyomjua jirani.

Mwalimu akaandika mchezo juu ya maisha yake kwa Kiswahili. Feza, msusi wa Jules Street pale Malvern, akapewa kuwa mke. Mrusi akapewa Muzinga, fundi cherehani kutoka Uvira, mtu mwenye uso unaosema hata akiwa kimya, lakini kumbukumbu yake ilikuwa chujio.

Lazima mjue jukwaa lilivyokaa. Mimi nilikuwa upande wa kulia, juu ya kreti, nyuma ya pazia. Upande wa kushoto hapakuwa na mahali pa mtu. Palikuwa na mlango zamani, wenye karakana wakauziba kwa matofali, na kati ya pazia na ukuta huo hata ufagio ulisimama kwa taabu.

Jumamosi moja, mchana, jua linapita kwenye matundu ya bati, Muzinga akakwama. Nikafungua kinywa nimpe neno. Kabla sijatoa pumzi, akawa anasema: "Huku kwetu hata kivuli kinaomba kibali, nacho kinaambiwa kirudi kesho."

Hayo hayakuwa maneno ya Mwalimu. Tulicheka mpaka Feza akakaa chini.

"Muzinga, hiyo umeitoa wapi?" Mwalimu akauliza.

"Si Mama ndiye amenipa?"

"Mimi nakaa kulia, Muzinga," nikasema. "Wewe umegeukia kushoto."

"Aa. Basi leo ulihama."

Mwalimu aliyaingiza yale maneno katika mchezo. Na mengine yakaja, kila Muzinga alipokwama. "Ofisi ilikufa zamani, kilichobaki ni mkono unaopiga mhuri." "Wamenikataza kusema, kwa hiyo nasema kwa kinywa cha mwenye ruhusa." Tuliendelea kucheka, ila baada ya kucheka tulikuwa tunavuta masweta. Mtaniuliza kama ni Mrusi, na kama ni yeye, Kiswahili alijifunzia wapi. Sisemi ni yeye. Nasema tu kwamba marehemu ana nafasi ya kusoma.

Kilichonitisha mimi ni kitu cha kifundi. Nilianza kumtazama Muzinga midomo. Kabla ya kusema maneno yale mageni alikuwa anarudia kitu polepole, kama mtu anayeonja chumvi: "kufa... kufa..." au "kataza... kataza..." Alikuwa anapewa shina. Yeyote aliyekuwa kushoto, alikuwa anafanya kazi yangu, na alikuwa anaifanya vizuri. Niliona wivu kwanza. Mungu anisamehe, woga ulikuja nyuma ya wivu.

Halafu siku moja, katikati ya zoezi, hakuna aliyekwama, Muzinga akageuka kushoto na uso wa mtu aliyeitwa mezani. Akasema kwa furaha: "Niko!" Kisha akaendelea na mchezo kana kwamba hakuna kitu.

Wiki haikwisha. Walimkuta kwenye kibanda chake, asubuhi, ameketi kwenye cherehani, mguu uko juu ya kanyagio. Mteja alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu akidhani fundi anawaza. Daktari alisema moyo, na mimi sina ugomvi na daktari.

Lakini wanangu, hata ninyi mliozaliwa hapa mkalelewa na spaza, viduka hivi vya mtaani, na katuni, mama zenu wamewaambia: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Mkongo anajua, Mrundi anajua, Mtanzania anajua. Hatuulizani kwa nini. Anayeitika ndiye anayefuata. Na mimi riziki yangu ilikuwa kuwaita watu bila kuonekana, kwa hiyo nilikaa na wazo hilo siku nyingi kwenye chumba changu, mtaa wa La Rochelle.

Nilimwomba Mwalimu auache mchezo.

"Mama Nyota," akasema, "mtu amekufa na moyo. Tukiacha, tutakuwa tumemzika Muzinga na Mrusi pamoja. Huyu Mrusi wamemukataza ya kutosha. Na sisi tumukataze?"

 Tena tayari alikuwa amempata mtu mwingine wa kuwa Mrusi.

Hamisi alikuwa mlinzi wa duka kwenye Jules Street. Mtu wa Ujiji, mrefu, mpole, amelelewa na bibi yake kwa adabu za zamani ambazo nilidhani zimekwisha duniani. Zoezi la kwanza nikampulizia neno. Hamisi akasimama wima kama askari, akageukia pazia, akasema: "Naam, mama!"

Wote wakaanguka kwa kicheko. Mimi sikucheka.

"Hamisi baba, usiniitikie."

"Nisamehe, mama. Mkubwa akiita, mwanamume huitika naam, mwanamke huitika abee. Bibi alituchapa kwa hilo."

"Hapa nitakuchapa ukiitika."

"Naam, mama."

Nilimweleza yote juu ya Muzinga. Nilidhani atakimbia. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia yake ya ulinzi iko mapajani, kisha akasema: "Mama, mimi nasimama mlangoni pale tangu asubuhi, na watu wananipita kama nguzo. Hata wanangu wananijibu kwa Kizulu na Kiingereza. Kiswahili chao ni cha 'njoo ule' na 'kalale' tu. Nataka wanitazame siku moja nikikisema kile kikubwa. Baada ya hapo nitarudi mlangoni, sharp, sina neno."

Mtu akikuambia hivyo utamfukuza vipi? Nilimpenda kama mwanangu tangu hapo, na kwa hiyo nikaogopa mara mbili.

Mpango wangu ulikuwa rahisi: Hamisi asikwame kabisa. Asiyekwama hahitaji kupuliziwa, si kutoka kulia, si kutoka kushoto. Kila alipokuwa na mapumziko alikuja La Rochelle, mimi nafua, yeye anasema mchezo wote, na kila alipotikisika nilimrudisha mwanzo. Baadaye nikamfundisha kunyamaza. Nilikuwa namwita kutoka jikoni, kutoka uani, nyuma ya mlango, na Feza anakaa mbele yake na kitana cha chuma, akifungua mdomo anamgonga nacho gotini. Alijifunza. Ungemwita Hamisi, baba, bwana mlinzi, asingepepesa.

"Lakini mama," akaniambia siku moja, akisugua goti, "kuna jina moja sitaliweza. Bibi alikuwa ananiita Misi. Nikisikia Misi, mdomo unafunguka wenyewe. Naweza kuwa usingizini."

"Nani mwingine analijua?"

"Hapa? Wewe na dada Feza, sasa hivi."

Tulimwambia basi, hakuna atakayelitumia.

Siku ya onyesho ilikuwa Jumapili, alasiri. Watu walikuja na nguo zao za ibada, wengine na maandazi. Wanawe Hamisi walikaa mbele kabisa, binti mkubwa amekunja mikono, anatafuna jojo, uso unasema nimeletwa. Hostel ya jirani walikuwa wanapiga muziki, lakini mchezo ulipoanza tuliusahau.

Hamisi hakukwama. Nilikaa juu ya kreti, mkono mdomoni, namfuata neno kwa neno, na hakuniacha hata mara moja. Aliposema lile la kivuli na kibali, watu walipiga miguu chini. Mzee mmoja Mrundi alisimama akasema, "Kweli kabisa!" akalazimishwa kukaa. Binti yule akaacha kutafuna. Nikaanza kujiambia, Nyota, umeshinda.

Ikaja sehemu ya mwisho. Mrusi amelala, macho yamezimika. Feza amekaa pembeni na kalamu. Anauliza: "Niandike nini?" Naye anapaswa kusema: "Andika kwamba nilicheka." Taa inazimwa, watu wanaenda nyumbani.

"Niandike nini?" Feza akasema.

Hamisi kimya.

Nikampa neno. "Cheka." Kimya. Nikampa tena. Uso wake ukageuka juu ya mto, taratibu, kuelekea kushoto. Alikuwa haangalii kitu, alikuwa anasikiliza.

Na mimi nikasikia.

"Mi'i."

S ilikuwa imemezwa. Hakuna mtu duniani anayelitamka jina hivyo isipokuwa mtu wa kazi yetu. Pumzi inatoka, koo limelala, sauti haiendi zaidi ya inapotakiwa. Niliitambua kabla sijataka kuitambua, wanangu, maana nimeishi nayo. Ilikuwa sauti yangu mimi, na mimi nilikuwa nimefunga kinywa kwa mikono yote miwili.

"Mi'i."

Uso wa Hamisi ukawa wa mtoto. Nikaona kifua kinajaa. Nikaona midomo inaachana, na nikajua neno linalokuja, naam, lilikuwa tayari mlangoni mwa meno.

Katika maisha yangu yote ya kazi nilikuwa sijaonekana jukwaani. Baba Ilunga alisema mpulizaji akionekana amekufa. Nilisimama. Magoti yalilia. Niliingia kwenye mwanga na kanga yangu ya jikoni na kandambili, nikapita mbele ya kitanda, nikasimama kati ya Hamisi na pazia la kushoto, na nikaitika kwa sauti niliyokuwa nimeibana tangu ujana:

"Abee!"

 Muziki wa hostel nadhani ulikatika. Pazia la kushoto, ambalo halina upepo, likavutika kwa ndani kidogo kuelekea kwenye matofali, kama mtu anapovuta pumzi. Nikahisi baridi kwenye meno. Kisha likarudi mahali pake.

Nyuma yangu Hamisi akasema, wazi, bila kupewa: "Andika kwamba nilicheka."

Taa ikazimwa.

Watu walipiga makofi mpaka bati likalia. Mwalimu Kasongo alikuja mbio, jasho linamtoka, ananikumbatia. "Mama! Ule mwisho! Mauti yenyewe inaingia na kandambili! Umeutoa wapi?" Mpaka leo anawaambia watu lilikuwa wazo lake.  Feza alinishika mkono, na wake ulikuwa wa barafu. Tulipobaki wawili akasema: "Mama, minasikia na mimi. Ilikuwa sauti yako. Na wewe ulikuwa unafunga kinywa."

Hamisi naye alinifuata nje, watoto wake wamemning'inia, binti mkubwa anamuuliza kwa Kiswahili kibovu kitamu, "Baba, wewe najifunza wapi?" Akamtuma akachukue koti, kisha akanigeukia.

"Mama, ulimwitikia nani?"

"Nilikuitikia wewe."

"Mimi sikuita."

"Najua, baba. Nenda nyumbani na wanao."

Sikukalia tena kreti baada ya siku ile. Niliwaambia ni magoti, nanyi mkanisadiki, mkanunua vidude vyenu. Ukweli ni kwamba kila nilipofungua kinywa kumpulizia mtu, nilikuwa sina hakika nani anapuliza.

Mtasema, basi mbona u hai? Muzinga aliitika akaenda, wewe umeitika, na bado unatuchosha na hadithi. Nimeliwaza sana, na jibu langu mtalicheka, mcheke. Nadhani huko nako kuna ofisi. Aliyeitwa ni Misi, mwanamume, wa Ujiji. Aliyeitika ni mwanamke, wa Lubumbashi. Majina hayalingani. Faili limekwama juu ya meza, na kila mara anatumwa mtu kuja kuhakikisha. Eish, nani kati yetu hajui ofisi ya namna hiyo? Nilikaa kwenye mabenchi yao miaka, sikujua kwamba najifunza namna ya kumwokoa mtu.

Kwa sababu bado anaita. Si kila siku. Naweza kuwa nachagua nyanya, au nafunga mlango, mchana kweupe, nikasikia pembeni yangu wa kushoto, kwa pumzi yangu mwenyewe: "Mi'i." Naitika haraka, abee, kabla jina halijafika kwa Hamisi. Naogopa kila mara, sitawadanganya. Siogopi kwa ajili yangu, nimekula chumvi nyingi. Naogopa siku nitakapokuwa nimelala hospitali, au masikio yamekufa, au mimi mwenyewe nimekwenda kwa njia yangu ya halali, na jina hilo likaita bila mtu wa kulipokea.

Ndiyo maana nimewaandikia, si kwa ajili ya s na mashina ya maneno. Nataka mmoja wenu, wa kike, aje La Rochelle nimfundishe. Asiwe binti wa Hamisi, nimekataa. Kazi ni ndogo, ni neno moja, na halitakiwi kupulizwa bali kusemwa kwa sauti.

Jana nilikuwa Jules Street, nangoja robot, taa ya barabarani, iniruhusu nivuke. Akaita. Nikaitika kwa nguvu hata mwanamke aliyekuwa karibu yangu akavuta mtoto wake. Ng'ambo ya barabara Hamisi alikuwa mlangoni mwa duka lake na sare yake, na watu wanampita. Hakusikia kitu. Aliniona tu, akacheka, akanipungia mkono.